Kugeuza ukurasa bila mkono: vile vifaa vya kuvaa mwilini vinawasaidia wanamuziki

Leo tuache kidogo mambo ya mashamba na mbolea. Tuzungumze juu ya shida moja inayoonekana ndogo sana: mwanamuziki anapiga chombo kwa mikono miwili, noti zinafika mwisho wa ukurasa, na muziki hausimami. Nani atageuza karatasi?

Mtu anaweza kusema: ile nayo ni shida? Ageuze tu haraka. Lakini hesabu pamoja nami. Muziki wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Mezuri ya mapigo manne inaisha kwa sekunde mbili. Kutoa mkono kwenye chombo, kushika pembe ya karatasi, kuigeuza na kurudi mahali pake, ile inaweza kukula sekunde nzima, ni kusema nusu ya mezuri. Na kama kurasa mbili zimeshikana, ama upepo umepita, basi mtu amepotea mbele ya watu wote.

Kwa hiyo watu wametengeneza vifaa vya kugeuza ukurasa kwa mguu, kwa kichwa, kwa jicho, kwa meno, hata kwa misuli. Nataka tuone vile vinafanya kazi, kwa nini vingine vimeshindwa, na kitu gani mwanafunzi wa kwetu anaweza kuchota pale.

1. Vile watu walifanya zamani

Kabla ya umeme wanamuziki walikuwa na njia zao. Mpiga piano anakaa na mtu mwingine pembeni, kazi yake ni kusimama kwa wakati na kugeuza. Mtu huyo lazima ajue kusoma noti, asizibe macho ya mpigaji, asigeuze mapema wala kuchelewa. Ni kazi ngumu, na akiifanya vizuri hakuna anayemwona.

Kwenye okestra kubwa, wapiga violoni wanakaa wawili wawili kwa pupitri moja, ni kusema ile stendi ya kuweka noti. Ukurasa ukiisha, yule anayekaa upande wa ndani anaacha kupiga na kugeuza, mwenzake anaendelea. Lakini kama pupitri zote zinageuza pamoja, nusu ya violoni zinanyamaza kwa mara moja. Ndiyo maana wanaochapisha noti kwa uangalifu wanajaribu kumaliza ukurasa pale chombo kinapopumzika.

Njia ya tatu ni kushika yote kwa kichwa. Clara Schumann na Franz Liszt, katika karne ya 19, ni kati ya wale waliozoesha watu kuona mpiga piano bila karatasi mbele yake. Lakini kichwa nacho kina mipaka. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, katika miaka yake ya mwisho alirudia noti mbele ya watu, na mtu wa kumgeuzia akiwa pembeni. Kama Richter alihitaji karatasi, hakuna wa kuona haya.

2. Tableti imebadilisha swali

iPad ilitoka mwaka 2010, na wanamuziki wengi wakaanza kuweka noti zao ndani ya tableti. Mkoba wa kilo nyingi ukawa kifaa kimoja chembamba. Mwaka 2012 okestra ya Brussels Philharmonic kule Ubelgiji ilifanya tamasha wanamuziki wakisoma kwenye tableti za Samsung pahali pa karatasi.

Hapa kuna jambo moja la kushika vizuri. Na karatasi, kugeuza ni kazi ya nguvu: kitu fulani kinapaswa kuinua karatasi na kuilaza upande wa pili. Mashine ya kufanya vile inahitaji mkono wa chuma, na karatasi mbili zikishikana mashine nayo inakwama. Na tableti, kugeuza imekuwa ni habari tu. Programu inangoja kusikia neno moja: «endelea». Neno lile linaweza kutoka popote: kwa kidole, kwa mguu, kwa shingo.

Neno linasafiri namna gani? Kwa ujanja rahisi kabisa. Kifaa kidogo kinaunganishwa na tableti kwa Bluetooth na kujitambulisha kama klavye, ni kusema kibodi ya kawaida. Ukikibonyeza, kinatuma alama ileile ambayo kibodi inatuma mtu anapobonyeza mshale wa kulia ama kitufe cha kushusha ukurasa. Tableti haijui kama ni mguu ama kidole, inaona tu mtu amebonyeza mshale. Ndiyo sababu pedali moja inaweza kutumika na programu nyingi tofauti.

Kampuni ya AirTurn ya Marekani, ambayo mpiga piano Hugh Sung ni mmoja wa waanzilishi wake, ni kati ya zile zilizozoesha wanamuziki pedali ya namna hii. Quatuor Borromeo, ya Marekani pia, ilijulikana kwa kusoma kwenye kompyuta na kugeuza kwa mguu. Faida yao ilikuwa kubwa kuliko kuepuka karatasi. Kwa kawaida mpiga violoni anasoma mstari wake peke yake, maana kusoma mistari ya wote wanne ingemlazimisha kugeuza kila wakati. Mguu ulipochukua ile kazi, kila mmoja akaweza kuona mbele yake muziki wote wa wenzake. Kifaa kidogo kimebadilisha hata vile watu wanaelewana wakicheza.

3. Mguu hauko huru kwa kila mtu

Pedali ni nzuri, na kwa wengi inatosha. Lakini inadhani kwamba una mguu mmoja usio na kazi. Mpiga ogani anapiga noti za chini kwa miguu yote miwili. Mpiga kinubi kikubwa cha okestra ana pedali saba za kuongoza. Mpiga ngoma za kisasa ana mguu mmoja kwenye ngoma kubwa, wa pili kwenye matoazi. Mpiga tarumbeta wa fanfare anatembea barabarani. Na kuko mtu aliyepoteza mguu ama aliyepooza. Kwake ile pedali ni mlango uliofungwa.

Hapo njo vifaa vya kuvaa mwilini vinaingia. Tuvitazame kufuatana na kiungo.

Uso. Programu ya forScore ya iPad inaweza kusoma uso wa mpigaji kwa kamera ya mbele, ile inayotupa nukta za mwanga usioonekana na kupima umbo la uso. Unachagua alama yako: kugeuza kichwa kidogo, kukonyeza jicho, ama kusogeza mdomo. Huvai kitu chochote, uso wako wenyewe umekuwa kitufe. Kwa mpiga piano ni starehe. Kwa mpiga fluti mdomo tayari una kazi, atabaki na jicho ama kichwa. Na mtu anayepiga chombo akikunja uso kwa hisia, mashine inaweza kudhani ni amri.

Kichwa. Ndani ya miwani ama kifaa cha masikioni mnaweza kuwekwa vihisi viwili vidogo sana, vilevile viko ndani ya telefone yako: akselerometri inayopima mabadiliko ya mwendo, na jiroskopu inayopima kasi ya kuzunguka. Ukitikisa kichwa kwenda kulia kwa kasi fulani, kifaa kinasema «endelea». Shida ni kwamba wanamuziki wanatikisa kichwa siku zote. Wanahesabu nacho mapigo, na wanapeana nacho ishara ya kuanza.

Meno. Kuko swichi ndogo ya kuuma, inawekwa mdomoni na unabonyeza kwa meno. Inafaa kwa mpiga gitare ama violoni. Kwa mwimbaji ama mpiga tarumbeta haifai hata kidogo.

Kidole. Pete yenye kitufe na vihisi. Kampuni ya Genki Instruments ya Iceland ilitengeneza pete inayoitwa Wave, mwanamuziki anabadilisha nayo sauti ya chombo chake kwa kusogeza mkono. Pete inaweza kutuma amri bila mkono kufika kwenye tableti. Lakini kidole kile kiko kazini, na pete nzito kidogo mpiga piano anaisikia kwa kila noti.

Misuli. Msuli ukikaza unatoa umeme kidogo sana, na elektrodi juu ya ngozi zinaweza kuupima. Kampuni ya Thalmic Labs ya Canada iliuza mkanda wa mkono unaoitwa Myo, wenye vihisi vinane vya namna hii, kisha ikaacha kuuza mwaka 2018. Kwa mwanamuziki shida inaonekana haraka: misuli ya mkono inafanya kazi noti baada ya noti. Kutafuta amri pale ndani ni kama kumsikiliza mtu mmoja anayenong'ona katikati ya soko la Kadutu.

Macho. Hii inavutia kuliko zote. Kama mashine inajua unatazama wapi, si ingeweza kugeuza yenyewe jicho likifika chini? Lakini jicho la msomaji mzuri linatangulia mikono, mara nyingi kwa sekunde moja hivi. Jicho limefika mwisho, mikono bado iko nyuma. Tena macho yanaruka kwenda kwa kiongozi na kurudi. Mashine ikigeuza kwa sababu jicho limepita tu, imekuharibia kazi.

Na kuko njia moja ambayo haitaki kiungo hata kimoja: mashine isikilize. Mwaka 1984 watafiti wawili, Roger Dannenberg na Barry Vercoe, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kompyuta inayofuata mwanamuziki kwenye noti kwa kusikiliza anachopiga. Wazo limeendelea mpaka leo, na kwa mtu anayepiga peke yake linaweza kufanya kazi vizuri. Lakini ndani ya okestra mashine inasikia vyombo vingi kwa pamoja. Na mpigaji akirudilia sehemu bila kupanga, kuifuata ni kazi.

4. Kizingiti: hapa njo siri iko

Ukiangalia vizuri, vifaa hivi vyote vinapigana na swali moja: namna gani mashine itajua kwamba hii ni amri, ile ni muziki tu?

Wale waliofanya agronomia wanajua kihisi cha unyevu wa udongo kinachofungua maji yenyewe. Lazima umpangie kizingiti. Ukikiweka juu sana, maji yanafunguka ovyo hata udongo haujakauka. Ukikiweka chini sana, mimea inanyauka ndipo pompu inawaka. Hakuna namba inayoondoa makosa yote mawili, kila mara unachagua kosa gani lina hasara ndogo.

Kwenye muziki ni vilevile. Kosa la kwanza: ukurasa unageuka wakati haukuombwa. Kosa la pili: umeomba, haugeuki. La pili ni baya, lakini unaweza kutoa amri tena ama kunyoosha mkono. La kwanza ni baya zaidi, maana noti unazosoma zimetoweka machoni pako katikati ya sentensi ya muziki. Kwa hiyo kifaa kizuri kinapaswa kuwa kigumu kidogo kushawishika.

Watengenezaji wana dawa tatu za ile shida. Ya kwanza ni kuchagua alama ambayo muziki hauitumii: watu wanatikisa kichwa mbele na nyuma kufuata mapigo, basi amri iwe ya kukilaza upande, kuelekea bega. Ya pili ni wakati: alama ikae muda mfupi ndipo ihesabiwe, na baada ya kugeuza kifaa kijifunge kwa sekunde moja hivi ili ukurasa usiruke mara mbili. Ya tatu ni kumpa mtu jibu: mtetemo mdogo kwenye ngozi unaosema «nimesikia», ili asirudilie amri bure.

Lakini dawa kubwa kuliko zote haiko kwenye mwili, iko kwenye kioo. Programu nyingi za noti zinaweza kugeuza nusu ya ukurasa: unapofika katikati ya ukurasa unatoa amri, na nusu ya juu inakuwa tayari ya ukurasa unaofuata, wakati wewe bado unasoma nusu ya chini. Angalia faida yake. Zamani ulipaswa kugeuza katika pigo moja halisi. Sasa una mezuri nyingi za kutoa amri, mapema ama kuchelewa kidogo, na hakuna kinachoharibika. Kihisi cha bei ndogo na programu yenye akili vinashinda kihisi cha bei kubwa na programu mbaya.

5. Sisi hapa kwetu, tunachota nini?

Mtu atauliza: hii yote inatuhusu? Kwa waimbaji wengi wa kwaya zetu, noti ni fotokopi, solfa iliyoandikwa kwa mkono, ama kumbukumbu tu. Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, imecheza muziki mkubwa wa Ulaya na noti zilizonakiliwa kwa mkono. Filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 iliwaonyesha dunia nzima. Hawakungoja tableti.

Tena karatasi ina sifa ambayo hakuna mashine inayo: haimalizi bateri. Umeme ukikatika wakati wa mazoezi, karatasi na mshumaa vinaendelea. Mwenye tableti peke yake anafunga kazi. Kwa hiyo sisemi tutupe karatasi.

Lakini kuko mambo matatu ya kufikiria.

Kwanza, noti zenyewe. Maktaba ya IMSLP kwenye intaneti, iliyoanza mwaka 2006, inatoa bure noti za watunzi wa zamani ambao haki zao za utunzi zimeisha. Mwanafunzi mwenye tableti ya mkono wa pili anaweza kuwa na Bach na Beethoven bila kulipa hata franka moja ya fotokopi. Hapo swali la kugeuza ukurasa linakuja lenyewe.

Pili, wale wa elektroniki na informatiki. Kifaa hiki kiko ndani ya uwezo wa kazi ya mwisho wa masomo. ESP32 ni kibao kidogo chenye Bluetooth ndani, kinauzwa kwa dola chache, na kinaweza kujifanya kibodi kama tulivyoona. Ongeza kihisi cha mwendo cha MPU-6050 na bateri ndogo, shona vyote kwenye kofia ama mkanda wa kichwa. Vipande njo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kukaa na mpiga ogani wa parokia jioni kadhaa, kuhesabu mara ngapi ukurasa uligeuka bila kuombwa na mara ngapi ulikataa, kusogeza kizingiti, kuhesabu tena. Jedwali la namna ile ni sayansi kamili, na hakuna professeur atakayelidharau.

Tatu, na kwangu hii njo nzito kuliko zote, wale ambao mwili wao umebaki pungufu. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, alipoteza mkono wake wa kuume katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuacha piano. Aliomba watunzi wamwandikie muziki wa mkono wa kushoto peke yake, na Maurice Ravel akamwandikia konseto inayopigwa mpaka leo. Mwenye mkono mmoja akiunyoosha kugeuza ukurasa, muziki wote umesimama, maana hakuna mkono wa pili wa kuendelea. Mashariki ya nchi yetu tuna vijana waliokatwa miguu ama mikono juu ya vita, na wengi wao walikuwa wanapiga gitare ama sinteza kanisani. Kwao kihisi cha kichwa si pambo la tajiri. Ni tofauti kati ya kurudia kwenye kikundi na kukaa kwenye benchi kusikiliza wengine.

Na mukiangalia mbali kidogo, shida hii si ya wanamuziki peke yao. Fundi mwenye mikono ya mafuta anayesoma mchoro wa injini, mlaboranti mwenye glavu, agronome aliyebeba pompu mgongoni na mikono yote iko kazini, wote wanahitaji kusema «endelea» bila kugusa. Anayetengeneza vizuri kwa mpiga ogani amewatengenezea na hao.

Kwa hiyo, kama unataka kununua ama kutengeneza, usianze na kifaa. Anza kwa kumtazama mtu akifanya kazi yake na kujiuliza maswali manne: Kiungo gani kwake hakina kazi? Alama gani hawezi kuifanya bila kukusudia? Amri ikichelewa kidogo, anapoteza nini? Na kifaa kikizima katikati, atafanya namna gani? Mwenye majibu ya hayo manne, hata swichi iliyotolewa kwenye redio iliyokufa inaweza kumtosha. Asiye nayo, atanunua miwani ya bei kubwa na kesho yake atarudi kugeuza kwa kidole.

Kama wewe ni wa elektroniki na unatafuta sujet ya kazi yako, mpiga ogani wa karibu na kwenu anakungoja. Nenda umuone Jumapili hii, utazame miguu yake.